Kinyonga Aliyetoka Porini: Mwongozo Kamili wa Miezi Mitatu ya Kwanza Nyumbani Kwako

Kinyonga aliyekamatwa porini ni nadra kufa kwa njaa. Humuua kiu, hofu na minyoo, mara nyingi kwa mpangilio huohuo. Fuata safari yake: ametolewa kichakani na mkamataji, akakaa kwa mchuuzi, akahamia ghala la msafirishaji, akafungwa ndani ya mfuko wa kitambaa, akapanda ndege, akatua kwa muuza wanyama, na mwisho akafika kwako. Katika vituo vyote hivyo huenda hakuna aliyempa maji kwa namna anayoijua yeye. Anafika amekauka na amechoka, na minyoo aliyoishi nayo kwa amani huko porini sasa imepata nafasi ya kumshinda.

Kwa hiyo mwongozo huu unakwenda kinyume na haraka ya wengi, ambao siku ya kwanza humrushia nyenje, siku ya pili humpiga picha akiwa mkononi, na siku ya tatu humnywesha dawa ya minyoo. Mpangilio ninaoutetea ni maji na utulivu kwanza, chakula baadaye, na dawa mwisho tena kwa mkono wa daktari. Wengi wanaowapoteza vinyonga wao mapema wamegeuza mpangilio huu.

Nitamzungumzia zaidi kinyonga wa kawaida wa nyika na pwani, Chamaeleo dilepis, yule wa kijani mwenye vipande viwili vya ngozi nyuma ya kichwa ambavyo huvinyanyua akikasirika. Ameenea sehemu kubwa ya Afrika iliyo kusini mwa Sahara. Wale wa milimani wana mahitaji yao, kama kinyonga wa pembe tatu wa Kenya na Mlima Meru, Trioceros jacksonii, au wale wa Usambara wa jenasi ya Kinyongia. Nitawataja pale wanapotofautiana.

Karatasi kabla ya kinyonga

Vinyonga wa jenasi zote nilizotaja wamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Hata wale wadogo wafananao na jani kavu, Rhampholeon na Rieppeleon, waliingizwa humo kuanzia mwaka 2017. Maana yake ni kwamba kinyonga hawezi kuvuka mpaka kihalali bila kibali. Tanzania, iliyokuwa ikiuza vinyonga wengi nje, ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016. Basi ukiwa Ulaya au Marekani ukaambiwa kwamba huyu ni kinyonga wa Usambara na ameshuka juzi tu, omba karatasi kabla ya kuuliza bei. Asiyeweza kuzionyesha anakuuzia magendo, na fedha yako itaagiza mfuko mwingine wa vinyonga. Ukipewa karatasi, zihifadhi muda wote mnyama anapokuwa hai.

Aliyeko Afrika Mashariki naye asidhani kwamba kinyonga wa uani ni mali ya mwenye ua. Tanzania kuna Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na Kenya kuna sheria yake ya wanyamapori ya mwaka 2013. Kote huko huchukui mnyamapori ukamfuga bila idhini. Kinyonga mzima uliyemkuta kwenye mchongoma, mwache kwenye mchongoma. Ukimkuta amejeruhiwa, wasiliana na mamlaka ya wanyamapori, TAWA kwa Tanzania au KWS kwa Kenya, na sehemu za maji na utulivu zilizo hapa chini zitamsaidia wakati mnasubiri.

Na kama bado hujanunua, nakusihi ufikirie tena. Kinyonga wa Yemen, Chamaeleo calyptratus, na yule wa rangi nyingi wa Madagaska, Furcifer pardalis, huzalishwa kwa wingi na wafugaji. Aliyezaliwa kwa mfugaji anajua taa, anajua nyenje, na hajang'olewa popote. Aliyetoka porini ni kazi ya mtu mvumilivu mwenye daktari karibu.

Hatua ya kwanza: kizimba kikamilike kabla hajafika

Kinyonga asifike halafu ndipo uanze kukata matawi. Kila kitu kiwe kimewashwa na kupimwa angalau siku mbili kabla.

Chagua kizimba cha wavu, si cha kioo. Kioo huzuia hewa kuzunguka, na kinyonga akiona taswira yake humo hudhani kuna mshindani, akashinda siku nzima amevimba kwa hasira. Kwa kinyonga wetu wa nyikani aliyekomaa, upana wa sentimita 45 kwa 45 na kimo cha 90 ndicho kiwango cha chini. Ukiweza sentimita 60 kwa 60 kwa 120, atakaa vizuri zaidi. Kimo ndicho muhimu kuliko vyote, kwa sababu huyu ni mnyama wa kupanda, na akiogopa hupanda juu. Weka kizimba juu ya meza au kabati ili tawi lake la kulalia liwe juu kuliko macho ya mtu aliyesimama. Kinyonga anayetazamwa kutoka juu huona mwewe.

Funika pande tatu kwa kitambaa au karatasi, uache upande mmoja tu. Ndani jaza majani mpaka ukimtafuta usimwone mara moja. Hibiskasi inafaa sana, na miti midogo ya jamii ya mkuyu inayouzwa kwenye vyungu inafaa pia. Ioshe majani yote kwa maji mengi na ubadilishe udongo wa juu, maana mimea ya dukani huwa imepigwa dawa za wadudu. Kati ya mimea hiyo pitisha matawi makavu ya unene tofauti, mengine membamba ya kushikika kwa kiganja kizima cha mguu, mengine mazito ya kupumzikia. Tawi moja lipite chini ya taa ya joto.

Sakafuni tandika karatasi nyeupe tupu, hakuna mchanga wala maganda ya miti. Kwa miezi hii mitatu unahitaji kukiona kila kinyesi.

Taa ni mbili. Ya kwanza ni balbu ya kawaida ya joto, iliyo nje ya kizimba, ikimulika tawi moja la juu. Pima joto pale mgongo wake utakapokuwa, maana kipimajoto kilichobandikwa ukutani hakikuambii kitu. Kwa kinyonga wa nyikani pale pawe nyuzi joto 29 hadi 32, sehemu nyingine za kizimba 24 hadi 28, na usiku pashuke mpaka 20 au chini kidogo. Taa ya pili ni ya UVB, mionzi isiyoonekana iliyomo pia kwenye jua, aina ya mrija mrefu. Bila UVB ngozi haitengenezi vitamini D3, bila D3 kalsiamu haifyonzwi, na mifupa hulainika mpaka miguu ikapinda. Mwanga huo haupiti kwenye kioo cha dirisha, kwa hiyo jua linaloingia sebuleni halitoshi hata likiwa kali. Fuata umbali ulioandikwa na mtengenezaji, na ubadilishe mrija kwa wakati hata kama bado unawaka, kwa sababu UVB huisha kabla ya mwanga unaoonekana. Washa zote mbili saa 12 kwa siku. Usiku uwe giza kabisa. Balbu nyekundu haina kazi.

Kinyonga wa pembe tatu na ndugu zake wa milimani ni habari nyingine. Sehemu ya kuota joto isizidi nyuzi 29, mchana wa kizimba uwe kati ya 20 na 25, na usiku wanahitaji ubaridi wa kweli, hata nyuzi 12 au 15. Nyumba ya Dar es Salaam au Mombasa isiyo na kiyoyozi haimfai hata kidogo.

Hatua ya pili: saa za mwanzo

Ukimpokea, usimtoe kwa kumkamata. Fungua mfuko ndani ya kizimba, karibu na tawi, umwache apande mwenyewe. Akikataa, weka kijiti chini ya kifua chake naye atakishika. Miguu yake imeng'ang'ania kitambaa? Fungua kidole kimoja kimoja, taratibu, ukivuta utamvunja.

Wakati anapanda, mtazame mara moja tu kwa makini, kwa sababu hutamshika tena kwa siku kadhaa. Macho yamejaa au yamezama? Kuna jicho linalofungwa? Miguu yote minne inashika sawasawa? Kuna uvimbe kwenye kiungo, kidonda puani, midomo iliyokwaruzwa na wavu? Kwapani na kuzunguka macho kuna kupe? Andika unachokiona, piga picha moja bila mwanga wa kamera, kisha funga mlango na uondoke chumbani.

Rangi yake itakuambia mengi, ila isome vizuri. Weusi mwilini kote akiwa mbali na taa mara nyingi ni hofu au baridi. Weusi upande mmoja tu ulioelekea taa ni kuota joto, jambo la kawaida. Kijani kilichofifia usiku ni usingizi. Anayefumba macho mchana, taa zikiwaka, ni mgonjwa mpaka daktari aseme vinginevyo.

Sasa kuhusu watu wa nyumbani. Kwetu wapo wengi wanaomwogopa kinyonga. Wengine huamini ana sumu, wengine huona ni mkosi kumwona, na hofu hiyo imeua vinyonga wengi kwa fimbo. Kinyonga hana sumu. Akibanwa huuma, na meno yake ni madogo. Zungumza na wote mnaoishi nao kabla hajafika, na chumba chake kisiwe cha kupitia. Televisheni, paka, moshi wa jikoni na watoto wenye shauku vyote vikae mbali naye.

Hatua ya tatu: maji

Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa hiyo nitakaa hapa.

Kinyonga haoni bakuli la maji. Huko kichakani hunywa umande wa alfajiri na matone ya mvua yanayoning'inia kwenye majani. Tone linalong'aa na kutingishika ndilo linalomwambia kwamba haya ni maji. Unaweza kumwekea kopo limejaa akafa kwa kiu karibu nalo.

Asubuhi taa zikiwaka, chukua chupa ya kupulizia yenye maji ya uvuguvugu na upulize majani, si uso wake, kwa dakika kadhaa mfululizo. Usipulize mara mbili ukaondoka. Mgeni kutoka porini huanza kwa kujificha, kisha husimama, kisha huzungusha macho, na huenda zikapita dakika tano hadi kumi kabla hajalamba tone la kwanza. Wewe ukiacha dakika ya pili, unamwacha na kiu ileile. Rudia jioni mapema, ili majani yapate kukauka kabla ya giza.

Kati ya asubuhi na jioni weka kopo la plastiki juu ya wavu, lililotobolewa tundu dogo kwa ncha ya sindano, lidondoshe tone moja kila sekunde moja au mbili juu ya jani pana. Chini weka bakuli la kukusanya maji, ulimwage kila siku. Chombo hiki cha bei ya bure ndicho ninachokiamini kuliko mashine yoyote katika wiki za mwanzo, kwa sababu kinyonga anaweza kunywa ukiwa haupo. Wengi wao hawanywi mtu akiwatazama.

Aliyekauka sana, mwenye macho yaliyozama na ngozi inayobaki na kunyanzi, anahitaji zaidi ya hapo. Mweke juu ya mti wa chungu bafuni. Fungua maji ya uvuguvugu yapige ukutani, si juu yake, ili kinachomfikia kiwe manyunyu laini tu. Kaa naye hapo nusu saa, uhakikishe maji hayapoi wala hayazidi joto. Asiye na bafu la manyunyu atumie chupa, na mkono uvumilie. Fanya hivyo mara moja kwa siku kwa siku tatu au nne za kwanza.

Usimfungue mdomo ukamiminia maji. Yakiingia kwenye njia ya hewa huleta homa ya mapafu, na kinyonga aliyechoka haponi kirahisi. Kama hanywi kabisa baada ya siku mbili, daktari anaweza kumwekea maji chini ya ngozi.

Utajuaje amepata maji ya kutosha? Tazama kinyesi. Kina sehemu ya kahawia na sehemu nyeupe, ambayo ndiyo mkojo wake. Nyeupe safi ni dalili njema. Njano iliyokolea au rangi ya chungwa maana yake bado ana kiu. Siku za mwanzo chungwa ni kitu cha kutarajia. Ikiendelea baada ya wiki, kuna tatizo la maji au la figo.

Kosa la upande wa pili lipo pia. Kizimba kinacholowa saa zote huleta ugonjwa wa mapafu. Kwa kinyonga wa nyikani unyevu wa asilimia 50 hadi 70 unatosha, na lazima majani yakauke kati ya pulizo moja na jingine.

Hatua ya nne: utulivu

Wiki mbili za kwanza hakuna kumshika isipokuwa kwa sababu ya afya. Ukihudumia kizimba, fanya yote kwa mkupuo mmoja, kwa saa zilezile, kwa mwendo wa polepole. Akivimba, akizomea, akifungua mdomo na kunyanyua vile vipande vya shingo, ameshakuambia uondoke.

Kinyonga ni wa peke yake, hata jike na dume. Usiweke wawili kizimba kimoja, wala usiweke vizimba viwili vikitazamana. Anayemwona mwenzake kutwa hufifia taratibu, hali mwenye nyumba anadhani wamezoeana.

Hatua ya tano: chakula

Siku mbili za kwanza acha kabisa suala la chakula. Mnyama aliyekauka akishiba wadudu huzidi kukauka, maana kumeng'enya kunahitaji maji. Siku ya tatu, kama amekunywa na macho yamejaa, mpe wadudu watatu au wanne.

Tatizo la aliyetoka porini ni kwamba huenda hajawahi kumwona nyenje wa kahawia anayekimbia sakafuni. Alizoea panzi wa kijani, nondo, nzi, vipepeo, vitu vinavyotua mbele yake kwenye jani. Basi mpe hivyo kwanza. Nzi wakubwa waliototolewa kutoka kwa funza wa dukani huamsha hamu ya kinyonga aliyegoma kuliko kitu kingine ninachokijua. Waachie wachache ndani ya kizimba na uondoke. Nyenje waweke kwenye kikombe chenye kuta laini, kilichofungwa kwenye tawi karibu na anapokaa, ili wapande na kuonekana. Akianza kula kikombeni, umevuka mto mkubwa.

Mdudu asiwe mrefu kuliko upana wa kichwa cha kinyonga. Aliyekomaa na kutulia hutosheka na wadudu wanne hadi sita kila baada ya siku moja. Nyenje waliobaki usiwaache usiku humo. Humtafuna kinyonga akiwa amelala.

Wadudu wenyewe washibishe siku nzima kabla ya kuwatoa: sukuma wiki, karoti, viazi vitamu, kipande cha papai. Mdudu mwenye tumbo tupu hana cha kumpa kinyonga. Karibu kila mlo wapake vumbi la kalsiamu isiyo na fosforasi, na mara mbili kwa mwezi unga wenye vitamini na D3. Usizidishe huo wa pili, kwani vitamini A na D3 zikizidi zina madhara yake.

Panzi wa kukamata nje ni chakula kizuri, ila wapate mahali usipokuwa na shaka napo. Shamba lililopigwa dawa, ukingo wa barabara kuu, ua wa jirani anayepulizia mende, yote hayo acha. Na kwa mlioko Marekani Kaskazini: vimulimuli wasikaribie kizimba kabisa. Wale wa jenasi ya Photinus wana sumu inayoua mijusi, na mmoja tu anaweza kutosha.

Akigoma kula wiki nzima lakini anakunywa na macho yake yamejaa, tulia, badilisha aina ya wadudu, angalia joto. Akigoma kula na kunywa, usisubiri wiki.

Hatua ya sita: minyoo na daktari

Chukulia kwamba ana minyoo. Kinyonga wa porini asiye nayo ni wa nadra. Swali ni minyoo ipi, kwa wingi gani, na kama mwili wake unaweza kuhimili dawa.

Tafuta daktari wa mifugo anayejua wanyama watambaao kabla hujamhitaji. Madaktari wengi wazuri wa ng'ombe na mbwa hawajawahi kumtibu kinyonga, na si aibu kuwauliza wazi. Mpelekee kinyesi kipya, cha siku hiyohiyo, ndani ya kichupa safi chenye tone la maji kisikauke. Kisipoweza kufika mara moja, kiweke kwenye friji, si kwenye friza, na kisizidi siku moja. Kipimo kimoja kisicho na kitu hakimsafishi. Rudia mara mbili au tatu kwa wiki tofauti, kwa kuwa minyoo haitoi mayai kila siku.

Hapa nasisitiza kwa nguvu zote: usinunue dawa ya minyoo ya kuku au ya mbuzi kwenye duka la pembejeo ukamdondoshea. Kipimo chake hupigwa kwa gramu za mwili, na tone moja la ziada kwa mnyama mdogo kama huyu ni kubwa. Hata dawa sahihi ikitolewa mapema inaua: minyoo mingi ikifa kwa pamoja ndani ya mwili uliokauka, figo na utumbo hushindwa kuitoa. Ndiyo sababu dawa hungoja mpaka amekunywa na kula kwa siku kadhaa.

Vipo vimelea visivyoonekana kwenye kinyesi. Ukiona kitu kama uzi uliojikunja chini ya ngozi, hao ni minyoo wanaoenezwa na wadudu wanaouma, na daktari huwatoa kwa kupasua kidogo. Kupe watoe kwa kibano, uking'ang'ania karibu na ngozi na kuvuta moja kwa moja, bila mafuta ya taa.

Karantini ni siku 90 kama una wanyama watambaao wengine. Chumba tofauti, vyombo tofauti, na yeye awe wa mwisho kuhudumiwa. Hata kama yuko peke yake, nawa mikono kwa sabuni kila mara. Wanyama hawa hubeba bakteria wa salmonela bila kuugua. Watoto wa chini ya miaka mitano, wajawazito na wagonjwa wasimhudumie, na vyombo vyake visioshwe kwenye sinki la jikoni.

Hatua ya saba: kama ni jike

Huu ndio mtego ambao maduka hayautaji. Jike wa kinyonga wa nyikani hushuka chini kutafuta udongo wa kutagia, na hapo ndipo huonekana na kukamatwa. Kwa hiyo jike aliyetoka porini mara nyingi tayari ana mayai, na anaweza kuwa nayo 40 au zaidi. Akikosa mahali pa kuchimba huyazuia, na mayai yaliyozuiliwa humuua.

Kama mzizi wa mkia umevimba ni dume. Kama ni mwembamba, au huna hakika, mchukulie kuwa jike na umwekee chombo cha kutagia tangu siku ya kwanza: ndoo au beseni lenye kina cha sentimita 30 cha mchanga uliochanganywa na udongo, ulioloweshwa kiasi kwamba ukichimba shimo kwa kidole halibomoki. Akiwa tayari ataacha kula, atazunguka sakafuni bila kutulia, na pengine utaona vinundu ubavuni. Funika kizimba kwa shuka na usichungulie. Akimwona mtu wakati anachimba huacha, na huenda asirudie. Anaweza kuchimba siku nzima na usiku.

Akimaliza atatoka amekonda na amejaa udongo. Siku hiyo mpulizie majani maji kwa muda mrefu, kisha wadudu wenye kalsiamu kila siku kwa wiki mbili. Akichimba siku mbili tatu bila kutaga, au akalegea na kufumba macho, ni daktari siku hiyohiyo.

Kinyonga wa pembe tatu hatagi. Huzaa watoto hai. Jike wake akiwa mzito, ongeza majani ya chini ya kizimba na uwe na kizimba cha pili tayari, kwani watoto wanapaswa kutengwa na mama mara moja.

Hatua ya nane: mizani na daftari

Weka mizani ya jikoni inayosoma gramu. Weka kijiti juu yake, sifurisha, kisha mpandishe kinyonga. Mara moja kwa wiki inatosha, kuanzia wiki ya pili. Andika uzito, alichokula, rangi ya mkojo, na siku aliyobambua ngozi. Akipungua sehemu ya kumi ya uzito wake, hata kama anakula, mpeleke. Mdomo unaobaki wazi akiwa mbali na joto, mapovu puani, kichwa kinachoelekezwa juu ili apumue, ulimi usiorudi, kiungo kilichovimba, kulala chini ya kizimba: yote hayo ni safari ya leo, hayasubiri mwisho wa wiki.

Baada ya miezi mitatu, kama uzito umetulia na vipimo vya kinyesi ni safi, unaweza kuanza kumpa mdudu kwa mkono. Akija mwenyewe kwenye mkono wako, mpokee kutoka chini, si kutoka juu. Asipokuja kamwe, mwache. Wapo ambao hawazoei, na wanaishi vizuri hivyo.

Ukishindwa naye

Usimwachie bustanini. Mwaka 1972 muuza wanyama wa Kaneohe, katika kisiwa cha Oahu huko Hawaii, alipokea vinyonga wa pembe tatu kutoka Kenya. Walifika wamekonda na wamekauka, akawaachia kwenye miti ya uani kwake wapate nafuu. Walipata nafuu kweli, wakatoroka, wakazaana, na leo wako visiwa kadhaa vya huko wakila wadudu na konokono wa asili ambao hawapatikani kwingine duniani. Hata Afrika Mashariki, kinyonga aliyepita sokoni anaweza kubeba magonjwa ambayo vinyonga wa eneo utakalomwachia hawajawahi kukutana nayo. Mpeleke kwa mamlaka ya wanyamapori, kituo cha uokoaji, au mfugaji mzoefu, pamoja na karatasi zake na lile daftari.

Na akifa, usimtupe wala usimgandishe. Mfunge kwenye mfuko wa plastiki, mweke kwenye friji ya kawaida, na umfikishe kwa daktari ndani ya siku moja ampasue. Mwili uliogandishwa kwenye friza huharibika tishu kiasi kwamba chanzo cha kifo hakisomeki tena.